Naomba ushauri: kupima impidansi ya antena kwa gharama nafuu

Wakuu, habari za jioni. Nipo Nkuhungu, Dodoma. Nimefunga daipoli (antena ya waya inayolishwa katikati) ya bendi ya redio ya mita 40: waya wa shaba wa mita 20 hivi, katikati umepanda kwenye bomba kimo cha mita 6. Mita ya SWR (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na kebo; 1 ndiyo bora) inasoma 2 kwenye 7.1 MHz, na hapo ndipo ninapokwama. Impidansi (upingani wa antena kwa mkondo wa redio) inayotakiwa ni omu 50; SWR ya 2 inaweza kuwa omu 25, inaweza kuwa omu 100, au omu 50 iliyochanganyika na riaktansi (upingani wa aina ya koili au kapasita), na kila hali ina dawa yake. Kukatakata waya kwa kubahatisha sitaki, shaba ni ghali.

Vichambuzi vya antena vya kampuni kubwa siviwezi kwa bei. Naegemea NanoVNA, kichambuzi kidogo cha bei nafuu, maana inaonyesha ukinzani na riaktansi kila kimoja peke yake. Aliyeinunua, ile ndogo inatosha kwa HF (masafa ya 3 hadi 30 MHz)? Au nitengeneze daraja (saketi ya kupimia) la rezista, diodi na potenshomita? Najua daraja la aina hiyo halisemi kama riaktansi ni ya koili au ya kapasita, ndiyo maana nasita.

Jambo jingine ni kebo. Kutoka redioni hadi antena ninatumia kebo ya aina ya RG-58 ya mita 14, karibu nusu ya urefu wa wimbi ndani ya kebo kwenye masafa hayo, kwa hiyo kipimo cha chumbani kinapaswa kukaribia cha juu kwenye antena. Mnaamini hesabu hiyo, au nifanye kalibresheni (kurekebisha kipimaji kabla ya kupima) kwenye ncha ya kebo ya upande wa antena?

Pia, udongo ulio chini ya antena huathiri impidansi, na wetu sasa ni mkavu mno. Mvua za Desemba zikianza, nipime upya?