Leseni yenye daraja B na D: je, naweza kuendesha Noah ya abiria?

Swali

Ndugu zangu, salamu kwenu. Mwezi uliopita nilipata leseni hapa Morogoro, nayo ina madaraja mawili, B na D. Kaka yangu anataka niendeshe Noah yake kwa kubeba abiria kati ya mjini na Mzumbe, na siku nyingine nimpelekee mchele sokoni kwa Kirikuu, yaani gari dogo la mizigo. Jirani yetu, ambaye ni dereva wa bodaboda, ananihakikishia kwamba mwenye leseni ya gari huruhusiwa pia kuendesha pikipiki kwa kuwa gari ni kubwa zaidi. Naomba kufahamishwa leseni hii inaniruhusu vyombo gani hasa, kwa sababu sitaki kuanza kazi nikiwa na kosa.

Jibu la 1

Hongera kwa kuuliza kabla ya kushika usukani. Kirikuu endesha bila wasiwasi, hata kama ina namba nyeupe za biashara, kwa kuwa daraja D linajumuisha magari yote isipokuwa pikipiki, magari makubwa na magari ya abiria. Angekuwa na B peke yake mtu asingeruhusiwa, maana B haihusishi magari ya biashara.

Noah ni suala jingine, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanatazama ukubwa wa gari na kusahau kazi yake. Noah hiyohiyo ukiwapakia wazazi wako kwenda harusini Dodoma, leseni yako inatosha kabisa; lakini abiria wakianza kulipa nauli, gari limekuwa la abiria na linahitaji daraja la kundi la C. C3 ni kwa abiria wasiofika 4, C2 ni kuanzia 4 hadi 15, C1 ni kutoka hapo hadi 30, na C yenyewe ni ya mabasi makubwa. Noah ya kaka yako inahitaji C2.

Jibu la 2

Kuhusu pikipiki, jirani yako amekosea. Hata mwenye daraja E, anayeendesha malori na ambaye alilazimika kwanza kukaa na D kwa miaka 3, haruhusiwi pikipiki mpaka aongezewe daraja lake. Pikipiki ndogo ni A1, kubwa ni A, na bajaji ni A2. Mimi nimefundisha udereva kwa muda mrefu, na nimeona madereva wazuri wa gari wakianguka na pikipiki uwanjani siku ya kwanza, kwa sababu mizani ya magurudumu mawili haifundishwi ndani ya gari.

Jibu la 3

Nakuomba umweleze kaka yako kwamba kosa hilo halitakuwa lako peke yako. Sheria ya Usalama Barabarani humgusa pia mwenye gari anayemkabidhi mtu asiye na daraja linalostahili. Shemeji yangu alipata ajali akibeba abiria kwa daraja D, kampuni ya bima ikakataa kulipa baada ya kuona leseni yake, na matibabu ya majeruhi tuliyachangia sisi wanafamilia.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nimezungumza na kaka usiku huu, naye amekubali Noah iendelee kubaki kwa dereva wake wa sasa, mimi nishike Kirikuu huku nikitafuta nafasi ya mafunzo ya C2.