PlayStation kila toleo wanatunyang'anya kitu na sisi tunapiga makofi tu

Wakuu hili jambo limenikaa kooni muda mrefu acha nilitapike. PlayStation (mashine ya gemu ya Sony, kifupi PS) mpya ikitoka watu ni grafiki grafiki grafiki, hakuna anayeuliza safari hii wametoa nini.

Chukua PS2 ya mwaka 2000. Inasoma karibu CD zako zote za PS1, memori kadi ya zamani unaichomeka palepale mbele, na juu yake ukapewa deki ya DVD. Nani alikuambia ulipie tena gemu ambalo lipo kabatini kwako? Ziliuzwa zaidi ya milioni 150 halafu watu wanajifanya hawajui kwa nini.

PS3 ya 2006, zile za mwanzo kabisa zilikuja na chipu za PS2 humohumo ndani ili zicheze gemu za PS2, safi, haujapita hata muda wakazing'oa kubana gharama. Na ile prosesa yao ya Cell iliyowatoa jasho watengeneza gemu ndo inatutesa mpaka leo, maana gemu za PS3 kwenye PS5 diski yako ni ya kupamba ukuta, unastrimu (gemu linakuja kwa intaneti moja kwa moja), tena kwa kulipia kifurushi cha juu kabisa cha PS Plus, ile huduma yao ya kulipia, na intaneti ikiyumba imekula kwako.

Ila PS4 (2013) ndo ilinimaliza. Diski ya PS1 haisomi, PS2 haisomi, PS3 haisomi, HATA CD YA MUZIKI HAISOMI!! Na kucheza onlaini na wenzako, kitu ambacho PS3 kilikuwa bure, ghafla gemu nyingi zinataka PS Plus, na tukalipa kimya kimya kama mazuzu.

PS5 siwezi kuidhulumu, SSD (sehemu ya kuhifadhi gemu) inakimbia kweli na gemu za PS4 karibu zote zinacheza. Lakini zile za mwanzo za 2020 waliandika nafasi ni 825GB, ukiwasha ulikuta 667 tu za kutumia. PS5 Pro ya 2024 ndo kituko, sehemu ya diski hamna, unanunua pembeni, na ukishaipachika haifanyi kazi mpaka uiunganishe intaneti kwanza. Intaneti! Kusoma diski!

Na asije mtu hapa na "teknolojia imebadilika mkuu". Xbox Series X, mashine ya wapinzani wao Microsoft, unaitia diski ya Xbox ya 2001, sio zote lakini zipo kadhaa, na inacheza. Kwa hiyo inawezekana, hawa wetu hawataki tu.