Hitilafu imejificha kati ya komiti 1,000

Swali, Westlands: Wadau, tunatunza mfumo wa mishahara ulioandikwa kwa lugha ya programu ya Java. Tangu toleo jipya, mfanyakazi aliyeajiriwa katikati ya mwezi anakatwa ushuru mara mbili. Kutoka toleo lililokuwa sawa hadi hili bovu kuna komiti (mabadiliko ya msimbo yaliyohifadhiwa) kama 1,000 kwenye Git, programu inayotunza historia ya msimbo. Nimekesha siku mbili nikizisoma, na watu wanangoja mishahara yao. Nifanyeje?

Rongai: Pole sana ndugu yangu. Acha kusoma. Andika `git bisect start`, kisha `git bisect bad`, halafu `git bisect good` ukitaja toleo lililokuwa sawa. Git inakupeleka kwenye komiti ya katikati. Unajaribu, unaiambia nzuri au mbovu, inakata nusu tena. Elfu moja huisha kwa hatua kama 10. Ukiwa na skripti (programu fupi) ya kujaribu, `git bisect run` huzunguka yenyewe: skripti ikirudisha 0 komiti ni nzuri, 1 ni mbovu, 125 inarukwa.

Kasarani: Skripti iweke nje ya mradi, maana komiti za zamani hazina faili hiyo. Mwishoni andika `git bisect reset` urudi ulipoanzia.

Westlands: Nimeipata! Mstari mmoja, mtu alihamisha hesabu ya siku. Asanteni sana, leo nalala.