Naomba ushauri: barua za siri za Waayalandi, New York hadi Dublin

Wakuu, habari zenu. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu mawasiliano ya wapigania uhuru wa Ayalandi kabla ya uasi wa Pasaka 1916 dhidi ya utawala wa Waingereza, nimekwama kwenye mpangilio.

New York alikuwepo John Devoy, mzee wa Clan na Gael (chama cha siri cha Waayalandi wa Marekani cha kupigania uhuru) na mhariri wa gazeti la Gaelic American. Dublin alikuwepo Tom Clarke, mmoja wa wapangaji wa uasi, na duka lake la tumbaku. Mambo nyeti hawakuyaamini posta. Yalipita mikononi mwa mabaharia wa meli za abiria, mengine kwa mafumbo. Februari 1916 Devoy alifumbua ujumbe mmoja wa hivyo: uasi ni Jumapili ya Pasaka. (Ukaja kuanza Jumatatu, 24 Aprili.)

Msimamizi wangu anataka nimfuate Devoy tu, kwa kuwa makabrasha yake yapo Maktaba ya Taifa ya Ayalandi. Sawa, ni rahisi. Ila mimi navutiwa na njia yenyewe: nani alibeba, nani alichungulia. Hata Roger Casement, yule wa ripoti ya 1904 kuhusu ukatili huko Kongo, anaingia humo.

Mliopitia utafiti wa nyaraka, nifuate mtu au njia? Na mabaharia wasioacha maandishi yao, pengo lao mnalizibaje?