Kishikwambi cha kuandikia na kuchorea: kiganja kinachora kuliko kalamu

mwl_mwanga
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Biolojia sekondari hapa Kigoma mjini. Nataka kuachana na madaftari kabisa: maandalio ya somo, notisi, michoro ya moyo na figo, na pembeni kuna mitindo ya vitenge ninayomchorea fundi mmoja wa Ujiji. Ninacho kishikwambi cha kazini, vile vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu, nikakinunulia kalamu ya ncha ya mpira. Inaandika, ila nikilaza kiganja ukurasa unaruka na mistari inatokea yenyewe. Nikikandamiza au nikipapasa, unene wa mstari ni uleule. Kosa ni kalamu, programu au mkono wangu? Na nikinunua kingine, niangalie nini?

wino_mkavu
Mwalimu, mkono wako hauna kosa. Hiyo kalamu ni kidole cha bandia. Kioo cha kawaida kinahisi chaji ya mwili wako, na ncha ya mpira inaipitisha tu, kwa hiyo kwake kalamu, kidole na kiganja ni kitu kimoja. Zile kalamu za kuchaji zinazouzwa kwamba "zinaingia simu zote" zina ncha nyembamba, basi. Nazo zinaiga kidole na hazihisi mgandamizo, yaani nguvu unayokandamizia. Usiongeze hela kwenye kalamu, weka hela kwenye kioo.

Unachohitaji ni kioo chenye kisomea-kalamu chake chini. Kwenye Samsung Galaxy Tab S6 Lite, kwa mfano, chini ya skrini kuna bamba linalotoa uga wa sumaku. Ndani ya kalamu kuna koili, haina betri, na ukikandamiza ncha mwitikio wa koili unabadilika. Hapo ndipo mstari unapopata unene. Inasoma ngazi 4,096 za mgandamizo. Kalamu ikikaribia, kishikwambi kinapuuza mguso wa ngozi, ndiyo maana unaweza kulaza kiganja. Kalamu yake inakuja ndani ya boksi, kwa hiyo ukiuziwa bila kalamu, shusha bei. Angalia sana: Galaxy Tab A9 inafanana nayo kwa mbali lakini haisomi kalamu hiyo.

Kwa iPad, Apple Pencil ya kwanza inakwenda na iPad ya kizazi cha 6 hadi cha 9. Ile ya USB-C haina mgandamizo: notisi sawa, kitenge hapana.

Kipimo cha dukani, hasa kwa mtumba: fungua programu ya notisi, shikilia kalamu karibu na kioo bila kugusa, kama unene wa kidole hivi. Kwenye hiyo Tab S6 Lite kidoa kinatakiwa kitokee na kufuata kalamu. Kisha chora mistari ya mshazari polepole kutoka kona hadi kona. Ikikatika sehemu moja kila mara, kisomea-kalamu kimeumia hata kama kioo hakina ufa.

fundi_rangi
Nitasema la vitenge tu. Usivichore kwenye programu ya notisi. Chukua Krita, programu ya kuchorea, ni ya bure na ipo kwa Android, uwashe hali ya kurudiarudia: ukichora upande wa kulia, mstari unaingia wenyewe kushoto, na kipande kinaungana pande zote bila mshono. Ukitumia programu isiyo na hali hiyo, chora katikati bila kugusa kingo, kata mchoro robo nne, badilishana robo za mshazari ili kingo zije katikati, halafu ziba msalaba uliobaki wazi.

Watu wengi wanakwama kwenye memori ya kufanyia kazi (RAM), siyo ile ya kuhifadhia. Kipande cha sm 30 kwa sm 30 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 3,543 kila upande, na kila leya (tabaka la mchoro) iliyojaa inakula takribani MB 50. Leya 20 ni GB 1, na kishikwambi cha RAM GB 4 kitaanza kusuasua au programu ijifunge. Anza na nukta 150, memori inashuka hadi robo. Na rangi: bluu kali na kijani cha kung'aa kwenye skrini hufifia kwenye wino. Toa nakala moja steshenari kabla fundi hajakubaliana na mteja.

daftari_la_mwisho
Kwa maandalio ya somo, tengeneza fomu yako mara moja, A4, uihifadhi kama PDF. Iingize kwenye programu ya kuandika juu ya PDF, kama Samsung Notes au Xodo, kisha kila kipindi unanakili na kuandika juu yake. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, tarehe, mfano 2025-03-04_Bio_Kidato2_Moyo. Zitajipanga zenyewe, na mthibiti ubora akija hutafutitafuti. Kila Ijumaa toa nakala za PDF uziweke kwenye memori kadi, maana faili asilia la programu ya notisi mara nyingi halifunguki kwingine. Google Drive inatoa GB 15 za bure, lakini picha na barua pepe zako zinakula humohumo. Michoro ya fundi isikae kwenye kishikwambi cha kazini. Siku ukihama utakirudisha.

mwl_mwanga
Asanteni sana. Kuna kingine: nikiandika huku nachaji, kioo kinajibonyeza chenyewe. Na protekta gani inafaa?

wino_mkavu
Chomoa chaja. Kikitulia, mchawi ni chaja: za bei rahisi hupitisha kelele za umeme hadi kwenye kioo. Jasho nalo huleta hayohayo, na joto la huko ziwani unalijua, basi kausha kiganja.

Protekta ya "karatasi" inashika kalamu vizuri lakini inasaga ncha. Ukisikia mkwaruzo au ukiona ncha imekuwa bapa upande mmoja, ing'oe kwa kibanio uchomeke nyingine. Mstari ukipinda sehemu ileile karibu na ukingo, vua kava kwanza: sumaku yake inavuruga kisomea-kalamu.