Kisima chetu Kitengela: tukadirie watu wangapi mpaka 2035?

MajiMtaani:
Habari zenu wadau. Sisi ni chama kidogo cha maji huku Kitengela, upande wa kuelekea Kisaju. Tuna kisima kimoja, sasa tunataka kuchimba cha pili na kulaza mabomba mapya. Fundi anatuuliza mabomba yahudumie watu wangapi mpaka 2035 na hapo ndio tumekwama, manake kila mtu kwa mkutano ana namba yake. Nimeangalia sensa: kaunti yetu ya Kajiado nzima ilikuwa na watu 687,312 mwaka 2009, halafu 1,117,840 mwaka 2019. Mji wa Kitengela ulitoka 58,167 ukafika 154,436. Je nikiendelea tu na hiyo kasi mpaka mbele niko sawa? Na hao watu watakuwa na kazi za kuwawezesha kulipa maji ama tutalaza bomba la watu wasio na pesa? Nisaidieni tafadhali, hizi ni pesa za wanachama, kuna akina mama wamechanga kutoka kwa biashara ya mboga.

Ramani254:
Ndugu usivute hiyo kasi mpaka mbele. Kitengela iliongezeka zaidi ya mara mbili na nusu kwa miaka 10, sasa ukiipeleka hivyo hivyo unapata kama 410,000 mwaka 2029, na ikifika 2039 mji peke yake umepita milioni moja, karibu sawa na kaunti nzima ya 2019. Ardhi na maji vitakataa kabla ya hapo.

Lakini pia msikubali mtu awaambie mtumie kasi ya nchi ya 2.2% kwa mwaka. Kajiado imekuwa ikikua karibu 5%. Piga hesabu uone: kwa 2.2% kaunti inafika kama 1,390,000 mwaka 2029, kwa kasi yake yenyewe inafika kama 1,818,000. Hapo katikati kuna watu zaidi ya laki nne, na kwa wastani wa watu 3.5 kwa kaya (ndio wastani wa Kajiado wa 2019) hizo ni nyumba kama 120,000 ambazo ama ziko ama haziko. Ndio maana nasema usianze na asilimia, anza na nyumba.

Watoto wanaozaliwa na watu wanaofariki unaweza kukadiria bila shida kubwa, hazibadiliki ghafla. Kinachosumbua ni wahamiaji, na Kitengela imejengwa na wahamiaji. Kwa hivyo tembeeni eneo lenu na daftari, njia kwa njia: nyumba zenye watu, nyumba tupu, msingi uliomwagwa, na ploti za futi 50 kwa 100 ambazo zina nguzo tu za ua. Zile zenye nguzo tu usizihesabu zote, nyingine mwenyewe yuko ng'ambo na anangojea bei ipande. Bedsita (chumba kimoja) na mezonet (nyumba ya familia yenye ghorofa ndani) ziandikwe mbali mbali, hazikai watu sawa. Kutoka hapo tengenezeni makadirio matatu, ya chini, ya kati na ya juu. Bomba linunueni la makadirio ya juu kwa sababu kuchimba mtaro tena ndio gharama, lakini tangi na pampu wekeni za kati, hizo utaongeza baadaye.

KeatekaYukos:
Naongeza moja hapo. Ukitaka kujua watu wamehamia kweli usiangalie majengo, angalia mita za stima zinazonunua tokeni na bauza za maji zinaingia lango gani. Kuna ghorofa hapa imesimama muda mrefu imepakwa rangi vizuri na madirisha yote gizani usiku. Na jirani yake imejaa mpaka juu, tofauti ni kwamba hii ina maji matamu na ile ina ya chumvi, mpangaji anaoga wiki moja anaanza kuuliza deposit yake. Kwa hivyo mkichimba kisima kizuri nyinyi wenyewe mtaleta watu, hiyo pia iwe kwa hesabu yenu.

DadaWaEPZ:
Kuhusu kazi. Sensa inahesabu mtu pale alipolala, 2019 ilikuwa usiku wa tarehe 24 Agosti. Mimi nalala Kajiado na nafanya kazi Athi River ambayo ni Machakos, mume wangu anashuka Nairobi kila asubuhi. Kwa hivyo ukitafuta kazi zetu ndani ya Kajiado hutaziona na utasema hatuna pesa, na bili tunalipa. Shida ni kwamba mshahara wetu unategemea viwanda vya huko na nauli. Viwanda vya nguo vya EPZ (lile eneo maalum la viwanda vya kuuza nje, hapo Athi River) vinauza sana Marekani, soko likiyumba huko wasichana wengi wanarudi nyumbani mwezi huo huo na vyumba vinabaki wazi. Kazi za hapa hapa ni zile zinazofuata watu: hardware, salon, shule za private, boda, fundi wa mawe. Ujenzi ukisimama na hizo zinapungua pamoja. Kwa hiyo makadirio yenu ya chini yawe ya mwaka mbaya kama huo, na muulize kama mkopo utalipika hata hapo.

OleIsinya:
Nawasikia mkihesabu ploti kama ardhi ilikuwa tupu. Hizo ploti mnazoziita za nguzo ni malisho, na wanyama wa Nairobi National Park walikuwa wanapita hapo kwenda tambarare za Kaputiei wakati wa mvua. Kila ua unaongezeka njia inafinywa, sisi tunazungusha ng'ombe mbali zaidi na ukame ukija tunawapoteza. Kwa makadirio yenu wekeni pia mifugo, kwa sababu kisima chochote huku kiangazi kitakunywewa na ng'ombe na mbuzi, mpende msipende. Na ongeeni na wenye mashamba makubwa ambao hawajagawanya, mkijua nani anauza na nani amekataa mnajua mji utaelekea wapi kuliko asilimia yoyote.

MajiMtaani:
Asanteni sana, mifugo hatukuwa tumeweka kabisa. Jumamosi tunagawana njia, vijana wanahesabu nyumba na mimi naenda kwa wazee wa mashamba. @Ramani254 swali moja, nyumba ambayo mwenyewe anakuja Krismasi tu naiandika yenye watu ama tupu?

Ramani254:
Iandike kivyake. Kwa tangi iache nje, kwa bomba iweke ndani.