Natembea kila asubuhi, lakini kuinuka kwenye mbuzi ya nazi mpaka nishike ukuta

BiMkubwa_Makorora
Habarini wanajamvi. Nina miaka 66, mwalimu mstaafu, Tanga. Tangu nistaafu, kila baada ya sala ya alfajiri natembea hadi Raskazone na kurudi. Mvua ikinyesha ndiyo nalala. Presha imetulia kwa dawa, sukari sina.

Sasa Ijumaa nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, nimemaliza, nataka kuinuka, mapaja yamegoma. Nikadaka ukuta, bakuli likapinduka, nazi yote chini. Kliniki nilipouliza nikajibiwa "ni umri, mama". Umri naujua, si ndio nimeuishi! Ninachouliza: miguu inayonifikisha Raskazone inashindwaje na kibao cha shubiri moja? Goti haliumi wala halijavimba.

kijana_mtulivu
Shikamoo bi mkubwa. Nunua blenda yaishe 😂

BiMkubwa_Makorora
Marahaba. Blenda ninayo, zawadi ya mwanangu, iko juu ya kabati na boksi lake. Na choo cha kuchuchumaa nacho utaniletea blenda?

mazoezi_tiba
Shikamoo mama. Fiziotherapia ndiyo kazi yangu. Kutembea kwako usikuache, moyo na pumzi vinakutegemea hapo. Ila ukitembea tambarare goti linakunjika kidogo tu, paja halijawahi kuubeba mwili kutoka chini. Na misuli isiyobebeshwa mzigo inapungua, hasa umri ukishasogea. Ndiyo maana kwa wenye miaka 65 na kuendelea WHO haiishii kwenye dakika 150 za kutembea kwa wiki; inataka na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi, na ya kuuweka mwili sawa usiyumbe siku 3 au zaidi.

Chukua kiti cha mezani, kiegemeze ukutani kisiteleze, kunja mikono kifuani. Inuka, halafu keti taratibu ukihesabu mpaka nne. Usijibwage, huko kushuka ndiko kwenye kazi. Mara nane, pumzika, rudia. Ukizoea, hamia kwenye stuli. Mbuzi iwe ya mwisho. Goti likianza kuuma au kuvimba, acha, ukaonwe.

babu_wa_Ng'ambo
Mie 71, niko Unguja. Nilianguka nikivaa suruali, mguu mmoja ndani mmoja nje, aibu tupu. Siku hizi nikipiga mswaki nasimama kwa mguu mmoja, mkono karibu na sinki. Na wewe unayemeza dawa za presha, usikurupuke kitandani. Kaa kwanza ukingoni, kichwa kitulie.

BiMkubwa_Makorora
Wiki ya tatu hii, narudi na ripoti. Kwenye kiti nimegundua mambo mawili ambayo miaka yote sikuyajua. Kwanza, nikiinuka nabana pumzi kama nabeba ndoo. Pili, mguu wa kushoto ni mvivu! Nausogeza mbele kidogo, mzigo wote anaubeba wa kulia. Nimeweka kandambili mbili sakafuni, nyayo zikae hapo hapo sawasawa, nisijidanganye.

Stuli tayari naiweza mara sita. Jana kwenye mbuzi nimekuna nazi mbili, nikainuka. Ukuta nimeugusa kwa kidole. Babu, hilo la mswaki limenishinda, nayumba nasukutua hadi kioo.

babu_wa_Ng'ambo
Anza na mguu wa kulia, bibie.